Asimina na Nusu ya Chini ya Jiwe

Shangazi yangu Asimina Vrettou aliandika barua kwa miaka ishirini na sita kwa watu asiowajua, akidai jiwe ambalo hajawahi kuliona, na kila barua aliisoma kwanza kwa sauti kwenye mkahawa wangu, wateja watake wasitake. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba simjui. Mtu akikusomea "Waheshimiwa Mabwana" mara mia na zaidi huku kahawa yako inafurika jikoni, unamjua kuliko alivyomjua marehemu mumewe, ambaye kwa bahati yake alikuwa mzito wa masikio.

Kabla ya barua, kazi yake ilikuwa simu. Zamani kijiji chetu cha Psilolithi kilikuwa na simu moja tu, nayo ilikaa sebuleni kwa Asimina. Kwa miaka thelathini na moja, kila mtoto aliyezaliwa Melbourne na kila mzee aliyefia Toronto, habari zake zilipita kwanza sikioni mwa Asimina ndipo zikawafikia wenyewe. Halafu simu za mkononi zikaja, kampuni ikaja kung'oa waya wake, na sisi tukasema sasa mama huyu atapumzika, atafuga kuku. Wapi! Mtu aliyezoea kupaza sauti mpaka bara jingine limsikie hanyamazi kwa sababu waya umekatwa. Alitafuta mtu wa mbali wa kumpigia kelele, akampata: jumba la makumbusho, katika mji wa kaskazini ambako hata Agosti watu wanavaa koti.

Jiwe lenyewe, yaani nusu tuliyobaki nayo, liko kwenye chemchemi chini ya kanisa. Ni marumaru, limejengewa ukutani juu ya karo ambamo bibi zetu walifulia nguo. Linaonyesha upindo wa vazi la mwanamke, miguu yake katika viatu vya kamba, na pembeni mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, kanyoosha mikono yote miwili juu kama wanavyofanya watoto wote wakitaka kubebwa. Hapo jiwe linakoma. Limekatwa kwa msumeno, mstari umenyooka, na kazi ni safi, lazima tukubali. Enzi za Waturuki alikuja bwana mmoja na farasi watatu na barua yenye muhuri wa pasha, gavana wao, akataka jiwe zima. Nusu ya chini ilikuwa imezama ukutani, na wanawake waliokuwa wakifua walikataa kuondoka. Bwana yule alikuwa na haraka, basi akamchukua mama kuanzia kiunoni kwenda juu, akamwacha mtoto.

Sisi tunamwita Mtoto, basi. Utosi wake umelainika kwa kuguswa, maana mtoto wa mtu akishikwa na homa, mama yake hupitia pale kwanza, kisha ndiyo anakwenda kwa daktari.

Asimina hakuwa na habari na ustaarabu wa kale. Mabwana wanaopanda kutoka Athens kutuhubiria juu ya nuru ya mababu aliwasikiliza huku anafuma soksi. Yeye alikuwa na hoja moja tu, na alinieleza siku ile ya barua ya kwanza, akiwa na miaka hamsini na tisa na mimi bado nina nywele.

"Argyri," aliniambia, "yule mtoto ameinua mikono miaka mia mbili na hakuna anayemwinua. Wewe ungevumilia?"

"Shangazi, ni jiwe."

"Najua ni jiwe, mimi si mwendawazimu. Nataka kumwona mama yake amerudi, nione uso wake, halafu nife. Ni kitu kikubwa hicho?"

Kilikuwa kikubwa. Wale watu wa makumbusho wanajua kukataa kwa adabu, sijawahi kuona. Walimshukuru kwa barua yake ya tarehe fulani. Walifurahia mapenzi yake kwa urithi wa binadamu wote. Walisema jiwe liko salama, hewa yake inapimwa kila saa, na kwamba kule linaonwa na dunia nzima. Asimina alijibu kwamba dunia nzima haijawahi kufua nguo mbele yake. Mimi nilikuwa natafsiri kwa msaada wa mwalimu wa shule, na naungama kwamba mara nyingi nilipunguza makali. Alipoandika "wezi," mimi niliweka "wahifadhi."

Msinione nilikuwa upande wake. Mimi nauza kahawa. Wenye mkahawa hatuna upande.

Basi mwaka wa ishirini na sita ikaja barua ya aina nyingine. Makumbusho yamepata mkurugenzi mpya, na mkurugenzi mpya amepata utaratibu mpya. Jamii yoyote inayodai kitu inaweza kusikilizwa, mradi ithibitishe kwamba ina uhusiano hai na kitu hicho, kwa kuleta majina yasiyopungua mia tatu, yameandikwa kwa mkono, kabla ya mwisho wa Februari. Asiyeleta, faili lake linafungwa kwa miaka kumi. Asimina alikuwa na themanini na tano. Hakuhitaji kalamu kupiga hiyo hesabu, nami sikuhitaji kuambiwa.

Psilolithi wakati wa baridi ina watu tisini na wanne, tukimhesabu mjomba wa mwenyekiti Lykourgos asiyetoka kitandani. Mia tatu utawatoa wapi? Asimina akapata dawa. Jumamosi ya Marehemu, kabla ya Kwaresima, hakuna anayethubutu kukosa. Wanatoka Tripoli, mji wetu wa karibu, wanatoka Athens, na sahani zao za ngano ya kuchemsha iliyopambwa kwa sukari, kwa sababu kila mtu anaogopa marehemu wake wasisomwe na padri. Siku hiyo kanisa linajaa mpaka uani. Akapiga mistari karatasi kumi na mbili, akaandika juu madai yetu kwa herufi kubwa, akaziweka na kalamu kwenye meza ya mishumaa mlangoni, akaenda kukaa zake mbele.

Sasa niambieni. Meza ya mishumaa, Jumamosi ya Marehemu, karatasi yenye mistari na kalamu. Nani kwetu atasoma maneno ya juu? Tangu tumebatizwa, karatasi ikiwa mahali pale siku ile, mkono unaandika wenyewe: baba, mama, bibi, ndugu aliyekufa vitani. Watu waliandika na majina ya ukoo na kijiji, kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Padri Anthimos akazichukua zote akazisoma madhabahuni, akatumia saa nzima na robo, ngano ikaanza kukauka sahanini.

Jioni Asimina akaniletea karatasi mkahawani. "Angalia vizuri, Argyri. Macho yangu yana ukungu. Hakikisha kila mtu kaandika jina kamili."

Nilikuwa naangalia mpira. Nikahesabu mistari: mia nne na kumi na mbili. Nikaona majina kamili kweli, miandiko mbalimbali, wino mmoja. Nikatia kwenye bahasha, nikailamba, nikamwambia, "Shangazi, umeua."

Mwezi wa Aprili jibu likafika. Makumbusho yameguswa sana na mwitikio wa jamii. Afisa wao, Bi Liselot, atafika tarehe kumi na nne Mei ili kuonana ana kwa ana na watu ishirini waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na orodha ndiyo hii. Nikapanda juu ya kiti nikaisoma kwa mkahawa mzima, maana siku hiyo na mimi niliona fahari kidogo.

"Wa kwanza: Thanasis Kouvelis."

Mzee Lykourgos, mwenyekiti wetu wa kijiji, akaweka kikombe chini. "Baba yangu?"

"Wa pili: Kanella Douka."

"Mkunga?" akasema mke wangu Diamanto. "Si tulimzika mwaka wa theluji kubwa?"

Nikaendelea kusoma, sauti inapungua. Wa saba alikuwa Polyxeni, mama yangu mzazi, na nikakumbuka vizuri sana nani aliyemwandika, na kwa mkono upi. Katika wale ishirini, aliye hai alikuwa mmoja tu, Asimina mwenyewe, ambaye aliweka jina lake kwanza kabisa ili kuwaonyesha wengine njia.

"Mimi niliyasoma yote," alisema Padri Anthimos polepole, "nikajiuliza mbona mwaka huu marehemu wamepigiwa mistari."

"Na langu ulilisoma?" Asimina akamuuliza.

"Nilikusoma, mama. Wa kwanza kabisa, mbele ya Thanasis na Kanella. Nikakuombea pumziko la milele."

"Ndiyo maana goti haliniachi tangu Februari," akasema Asimina, akaketi.

Hakucheka, ila sisi tulicheka mpaka tukaona uso wake. Miaka ishirini na sita, na tumewapelekea wale wa makumbusho orodha ya makaburi. Aliniangalia mimi, na ningependa kama angenitukana.

Sisi watu wa Psilolithi si wa kukata tamaa upesi kama kuna njia ya uongo. Kwa siku tatu tulipanga. Lykourgos angekuwa baba yake mwenyewe, umri ungemtosha. Diamanto angekuwa Kanella, mimi nikubali kuwa Thanasis mwingine aliyekuwa kwenye orodha, na mjomba wa Lykourgos angefaa kuwa mtu yeyote, mradi asiulizwe swali. Tuligawana majina kama watoto wanaocheza baba na mama. Padri alisema yeye hataki kusikia, kisha akauliza kama kuna nafasi ya mtu wa kanisa.

Asimina akatusikiliza mpaka mwisho. "Mmemaliza?"

"Bado wanne," nikasema.

"Miaka yote nimewaandikia wale kwamba walichukua kitu kwa karatasi ya uongo. Leo na mimi nikawape karatasi ya uongo? Acheni upuuzi. Atakuja, nitampeleka kwa wenyewe."

"Wenyewe wapi, shangazi?"

"Wanakokaa."

Bi Liselot alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mrefu, ngozi imeshaungua jua kabla hajashuka garini. Kigiriki alikijua, ila kile cha vitabu vya kale, kwa hiyo alipofungua mdomo ilikuwa kama Injili imekuja kunywa kahawa. "Amani iwe juu ya nyumba hii," aliniambia. Nikamwambia karibu, sukari kiasi gani. Alikuwa na orodha kwenye ubao wa kuandikia, na safu ya pembeni iliyosema "Amepatikana?"

Asimina akafunga kitambaa chake cheusi, akachukua fimbo, akasema twende. Mimi nilibeba chupa ya maji na aibu.

Makaburi yetu ni madogo, mtu hakai chini muda mrefu. Baada ya miaka kadhaa tunamfukua, tunaosha mifupa kwa divai, tunaiweka katika kasha lenye jina na picha, na kasha linawekwa kwenye rafu katika chumba kando ya lango. Bi Liselot alifika mlangoni mwa chumba kile akasimama.

"Thanasis Kouvelis," alisoma.

"Rafu ya pili, wa tatu kutoka kushoto," akasema Asimina. "Mchungaji. Alikuwa mgomvi, lakini chemchemi ilipoziba mwaka wa tetemeko, yeye ndiye aliyechimba siku nne kumtoa Mtoto kwenye kifusi. Andika hilo."

Bi Liselot hakuandika. "Mama, huyu mtu amekufa."

"Ndiyo. Endelea, wa pili nani?"

Sikutaka kuangalia. Nilijua sasa atafunga ubao wake, aseme asante, arudi kwenye gari. Badala yake alisoma: "Kanella Douka."

"Huyu chini, mwenye picha ya pete za masikio. Alizalisha kijiji kizima. Kila kichanga alikiogesha kwa maji ya kwanza pale mbele ya Mtoto, majira yoyote. Mimi pia."

Wakaenda hivyo rafu kwa rafu. Asimina hakupamba mtu. Huyu alikuwa mlevi, huyu mchoyo, huyu aliwahi kumfukuza kwa jiwe Mjerumani aliyetaka kulenga shabaha kwa bunduki ukutani kwenye chemchemi. Walipofika kwa mama yangu nikageukia lango.

"Polyxeni," alisema Asimina. "Mama wa huyu anayejifanya kuangalia milima. Alifiwa na mtoto wa kwanza, kabla ya huyu. Mwaka mzima alikuwa akifua mahali pengine, mto wa chini huko, nusu saa kwa miguu, kwa sababu hakuweza kumwona yule Mtoto kanyoosha mikono. Halafu siku moja akarudi, akamshika kichwa, akafua."

Hilo mimi sikuwa nalijua. Nina miaka sitini na mbili, na nililisikia siku hiyo, likielezwa kwa mgeni ili aweke alama kwenye karatasi. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Baada ya wa kumi na tisa, Bi Liselot alipitisha kalamu kwenye safu yake, alama baada ya alama, amepatikana, amepatikana. Kisha akamwangalia Asimina. "Na wa ishirini ni wewe."

"Mimi nimesomwa tu, bado sijalala."

Tukateremka kwenye chemchemi. Hapo nilidhani atapiga picha na kupima, kama wenzake. Alipiga magoti kwenye maji, suruali na yote, akaweka kidole juu ya mkono wa Mtoto, pale msumeno ulipopita. Vidole vya Mtoto havipo, vimekatwa kwenye fundo.

"Kule kwetu," alisema, na kile Kigiriki cha Injili kikamtoka kidogo kwenye ulimi, "ukingoni chini, juu ya vazi la mwanamke, kuna vitu vinane vidogo vimechomoza. Tumeandika ni ua limevunjika."

"Vidole hivyo, mwanangu," akasema Asimina.

"Naona."

"Na yeye mnamwitaje?"

Bi Liselot akafuta mkono kwenye suruali. "Mwanamke Akitafakari Mauti. Kwa sababu ameinamisha uso, ana huzuni. Vimeandikwa vitabu viwili. Kimoja nilikiandika mimi."

"Anatafakari nini huyo? Anamwangalia mtoto."

Mimi nilicheka, ningefanyaje? Wasomi mia mbili wa dunia nzima, hewa inapimwa kila saa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na mtoto anayevuta sketi. Bi Liselot naye alicheka, ila macho yake yalikuwa mekundu.

Mkahawani watu walikuwa wamejaa, wamevaa za kanisani, tayari kuwa hai au kufa kadiri itakavyohitajika. Bi Liselot alitoa bahasha. Akasema ukweli wake kwamba majina hayatahesabiwa, na faili la madai litafungwa. Lakini, akasema, mkurugenzi amempa ruhusa, akiridhika na ziara, atoe kitu kingine. Makumbusho yako tayari kutuazima. Kuanzia Julai mosi mpaka mwisho wa Septemba, nusu ya juu italetwa na kusimamishwa juu ya nusu ya chini, gharama ni zao, mlinzi ni wao. Sharti ni moja tu: Asimina, aliyedai kwa niaba ya kijiji, atie sahihi kwamba jiwe ni mali ya makumbusho na kwamba tunaliazima.

Mkahawa ukapasuka kwa makofi. Miezi mitatu ya kiangazi! Lykourgos alikuwa ameshatafuta mahali pa kuegesha mabasi. Padri alianza kusema juu ya ibada ya shukrani. Mimi kichwani nilikuwa nimeshanunua friji ya pili na kubadilisha viti. Nikamwekea Asimina kalamu mbele yake kwa mkono wangu mwenyewe.

"Tia sahihi, shangazi. Maneno ya sharti ni maneno tu, nani anayajali? Utamwona."

Aliisogeza karatasi karibu na pua, akaisoma yote, midomo inatembea. Kisha akamuuliza Bi Liselot: "Septemba ikiisha mtakuja kumchukua?"

"Tarehe thelathini."

"Kwa sanduku?"

"Kwa sanduku, mama."

"Mchana, watu wanaona?"

Bi Liselot akaitikia kwa kichwa. Asimina akaisogeza kalamu upande wangu.

"Hapana," alisema. "Miezi mitatu inatosha mtoto kuzoea. Halafu mje mumchukue mama yake tena mbele ya macho yake? Mara moja alivumilia. Mara ya pili siitii sahihi mimi."

Nisiseme uongo, watu walimchukia. Lykourgos alimwambia ni mzee mwenye roho mbaya, na mimi sikumtetea. Hata hao wa Athens, wakuu wa wizara, walisikia wakasifu msimamo wake wa kisheria, kwamba kuazima ni kukiri umiliki, wakampelekea barua yenye nembo. Sheria haikuwepo kichwani mwake hata kidogo. Bi Liselot alikunja karatasi yake, akanilipa kahawa ingawa nilikataa, akapanda gari. Alimbusu Asimina mkono, na hilo nadhani halikuwa katika vitabu.

Kwa siku kumi na moja nilimpa shangazi yangu kahawa bila glasi ya maji. Kwetu hilo ni tusi zito kuliko kumfungia mtu mlango. Alikunywa, akaweka kikombe, akaenda zake. Siku ya kumi na mbili nikashindwa, nikaketi mezani kwake.

"Ungemwona uso," nikamwambia. "Si ndicho ulichokuwa unakitaka maisha yako yote?"

"Najua nilichokuwa nakitaka."

"Sasa?"

"Sasa nimekikosa. Nimelia siku tatu, Argyri, kama ndilo unalotaka kusikia. Nililia kama mjinga. Niletee maji."

Nikamletea maji. Hakuandika barua nyingine baada ya hapo. Mchana alikuwa akienda kwenye chemchemi na kigoda chake, anafuma, anawaambia watalii wapunguze sauti. Januari alishikwa na kifua, na siku tano baadaye tukamzika, ardhi imeganda, Lykourgos akachimba mwenyewe na kukataa kusaidiwa.

Aprili barua ikafika kwa jina lake. Ilikuwa ya mkurugenzi. Alifurahi kumjulisha kwamba kutokana na ugunduzi muhimu wa kisayansi uliofanywa na makumbusho yao huko Psilolithi, jiwe limepewa jina jipya, Mama na Mtoto, na limehamishiwa chumba kikubwa. Ugunduzi huo umeamsha hamu kubwa kwa umma. Kwa hiyo makumbusho yanaomba, kwa heshima, kuazima nusu ya chini kwa maonyesho ya miezi mitatu, ili mama na mtoto waonekane pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka mia mbili. Wataalamu wao wanaweza kuing'oa ukutani bila madhara. Wangeleta msumeno wao. Ndani ya bahasha kulikuwa na kitu kingine, ambacho nafikiri mkurugenzi hakukijua: picha ya uso, karibu sana, na nyuma yake mwandiko wa Bi Liselot, "Kwa mama Asimina, na anisamehe." Pua imevunjika. Anaangalia chini, upande wa kushoto, na mdomo wake ni wa mtu anayetaka kusema "njoo."

Niliisoma barua mkahawani kama zamani, nimesimama chini, si juu ya kiti. Hakuna aliyecheka. Lykourgos aliniuliza tutawajibu nini, nikamwambia mimi nauza kahawa, sijui kuandika barua. Kisha nikafunga mkahawa saa sita mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata siku ya harusi yangu, nikakaa na karatasi. Nilirarua tatu. Ya nne niliandika: "Waheshimiwa Mabwana, mtoto haendi popote. Mama ndiye arudi. Shangazi Asimina amefariki bila kumwona, na mimi sasa ndiye mtakayemsikia." Safari hii nilipofika kwenye neno lile, niliandika wezi.

Nikaipeleka Tripoli kwa basi, siku hiyo hiyo. Bibi wa posta akaniuliza stempu ngapi. Nikanunua ishirini, kwa kuanzia.